Kadi za Wenye Nyumba

Jumapili, tarehe 3 Machi

Kaka, shikamoo.

Najua huko mlimani kwako simu haishiki hata ukipanda juu ya paa, na lori la posta linapanda mara moja kila wiki mbili, kwa hiyo usinilaumu barua ikiwa ndefu. Wewe kazi yako ni kupima mvua. Ikiacha kunyesha huna la kufanya. Soma.

Mama mzima. Macho ndiyo yale yale, sasa anaona mwanga wa dirisha na basi. Lakini humu ndani ya nyumba nani atajua? Anapika, anafua, anashuka ngazi za uani huku akinigombeza kwamba nimeacha ndoo njiani. Juzi nilimpeleka kwa shangazi. Alikaa kwenye kiti kimoja kutwa nzima, hakuthubutu hata kwenda msalani peke yake. Tuliporudi alishika kizingiti akasema, "Haya, sasa naona." Nilicheka, lakini ilinichoma.

Kazi ya kushona mapazia ndiyo inayoniweka mjini. Wiki hii nimepima madirisha ya nyumba sita, na unajua watu walivyo: ukishapanda ngazi na futi mkononi wanakusahau, wanagombana mbele yako kama hupo. Nina habari za mtaa mzima!

Jumamosi alasiri bado naenda kwenye mchezo wa reli, chumba cha nyuma cha duka la Fundi Baiskeli. Ni yeye, mimi, yule Mwalimu mstaafu wa hesabu, na wengine wawili watatu wakipata nafasi. Ubao mezani, kila mtu anajenga njia yake ya treni kipande kwa kipande, anavuka mito na milima, na anayeunganisha miji yake kwanza ndiye bingwa. Mwalimu huwa anawaza mpaka chai inaganda. Sasa tumepata mgeni. Mpole, mavazi safi, rula haimtoki mkononi, kwa hiyo tumemwita Bwana Rula. Jana alileta ramani aliyoichora mwenyewe. Kaka, ni mtaa wetu! Kuanzia darajani hadi sokoni, kila kiwanja, mpaka ukuta wetu wa uani uliopinda. Tulipiga kelele kama watoto. Jumamosi ijayo tunaicheza.

Mdogo wako

*

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Karatasi hii ya kwanza msomee Mama: mimi mzima, nakula vizuri, soksi alizonifumia zimefika, na aache kuwaambia watu kwamba mimi ndiye naleta mvua. Nikikosea hesabu watakuja kunipiga.

Karatasi hii ya pili ni yako peke yako. Nimefurahi una pa kwenda Jumamosi, maana kukaa na mgonjwa kunachosha hata ukimpenda. Ila nimeuliza kichwani: mtu anachoraje ukuta wetu wa uani? Hauonekani barabarani. Mimi napima vitu kwa kazi, najua kupima kiwanja kunataka mtu asimame ndani yake. Aliingia lini? Muulize Mama kama kuna mgeni aliwahi kupita uani.

Labda nina wasiwasi wa bure. Huku ukungu umetanda siku tisa, mtu huanza kuongea na vipimo vyake.

Kaka yako

*

Jumapili, tarehe 24 Machi

Kaka, shikamoo.

Haya basi, mpelelezi. Nilimuuliza Mama. Anasema mwezi wa kwanza walikuja watu wawili wakajitambulisha kuwa wa mabomba ya maji, wakatembea uani, mmoja akamsaidia kuanika shuka. Watu wa maji, Kaka! Bwana Rula anasema aliipata ramani kwa rafiki yake wa ofisi fulani. Umeridhika?

Sasa ngoja nikupe uhondo. Mchezo wenyewe una kanuni mpya, na ni tamu kuliko zote tulizowahi kucheza. Kila kiwanja kina kadi iliyofunikwa. Nyuma ya kadi kumeandikwa kitu kitakachomfanya mwenye nyumba akubali kuhama. Ukitaka kupitisha reli hapo lazima ukisie. Ukipata, unapita bure. Ukikosa, unakaa zamu mbili. Na kadi tunaziandika sisi wenyewe, kwa sababu Bwana Rula anasema yeye ni mgeni, hawajui watu, na kadi za kubuni hazina ladha.

Viwanja vipo thelathini na moja. Peke yangu nimeandika kumi na tisa! Fundi Baiskeli alivunjika mbavu. Yule mzee mfuga njiwa wa kona: "Mwahidi banda jipya la njiwa, usizungumzie nyumba yake." Wale ndugu wawili wasiosalimiana: "Mwone mdogo kwanza, mwambie mkubwa ameshasaini." Yule mama mwenye binti anayesubiri nafasi ya chuo: "Zungumzia chuo tu." Mwalimu alishika kichwa, akasema, "Wewe mtoto unatisha, kumbe ndiyo maana mapazia yako yanachelewa."

Kila mchezaji lazima aandike na ya nyumba yake pia, ndiyo haki. Ya kwetu niliitunga kwa akili sana, hakuna aliyeipata, wote walikaa zamu mbili mbili wakinitukana. Nimeshinda! Bwana Rula aliisoma mara mbili, akacheka, akanipa mkono. Kikombe cha bati nimemwekea Mama juu ya kabati.

Mdogo wako, bingwa

*

Alhamisi, tarehe 28 Machi

Mdogo wangu,

Hongera bingwa. Mweleze Mama soksi zimepata tundu, atafurahi kuwa na kazi.

Hii usimsomee. Nimerudia barua yako mara nne. Nataka unijibu jambo moja tu: mchezo ukiisha, kadi zinabaki kwa nani?

Mnacheza kwenye duka la Fundi Baiskeli. Ubao wake, viti vyake. Kama kadi zinabaki humo kwenye boksi, sawa, nitajicheka mwenyewe. Lakini kama anaondoka nazo, zifuate ukazichukue. Usingoje Jumamosi. Sisemi mtu huyo ni mbaya, simjui. Nasema hizo kadi umeziandika kwa mkono wako na kila neno ni kweli, na zinahusu watu ambao hawakuwepo mezani.

Na ya kwetu uliandika nini?

Kaka yako

*

Jumapili, tarehe 7 Aprili

Kaka, shikamoo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikasirika. Umenifanya nijione mmbea. Ule ni mchezo! Watu wazima wanakaa na vipande vya mbao na chai iliyopoa, basi.

Kadi anaondoka nazo yeye, ndiyo, kwa sababu ramani ni yake. Nilimfuata nikamwomba. Akasema kwa upole wake ule ule kwamba ziko nyumbani, anazikata pembe zisichakae, atazileta. Jana Jumamosi hakuja.

Nikuambie kitu na usinirukie. Mzee wa njiwa amehama. Jumatano nilipita kumpelekea pazia, nikakuta mlango una komeo. Jirani yake anasema wamemjengea banda la njiwa ng'ambo ya mto, kubwa, lina waya mpya, na yeye akalifuata kama aliyerogwa. Nilisimama pale na pazia mkononi. Halafu nikajiambia, mzee yule siku zote alitaka banda, huenda ni bahati yake.

Ijumaa wale ndugu wawili walipigana barabarani. Mdogo alikuwa akilia, anasema, "Waliniambia wewe umeshasaini!" na mkubwa anaapa hajawahi kushika kalamu. Mama alisikia kelele kutoka dirishani akaniuliza kuna nini. Nikamwambia ni mambo ya mbwa.

Kuna rangi nyekundu imepakwa kwenye nguzo karibu na daraja. Sijui ni ya nini.

Ya kwetu usijali. Niliandika ujinga tu.

Mdogo wako

*

Alhamisi, tarehe 11 Aprili

Mdogo wangu,

Safari hii lori halikuleta barua yako. Nimeumia, na nitasema wazi.

Jumanne walifika hapa kituoni na gari lao, mwanamume na mwanamke, wote wenye adabu. Walikuwa na ramani, wakaniambia reli mpya inapita mtaani kwetu na nyumba nyingi zimeshakubali. Nikawaambia kwetu wasahau, Mama haondoki. Wakatazamana. Yule mwanamke akanishika mkono, akasema, "Mama ameshakubali muda mrefu. Amechoka na ngazi. Anaona aibu kukuambia mwenyewe kwa sababu nyumba baba yenu aliiandika kwa jina lako, anaogopa utaona anaitupa."

Anaona aibu kuniambia. Nilifikiria jinsi anavyonificha kila kitu, hata macho alinificha mwaka mzima. Nikaona ndiyo Mama yule yule. Nikakumbuka na wewe unavyonijibu juu juu, nikasema kumbe wote wawili walikuwa wanatafuta njia ya kuniambia.

Nikasaini.

Walipoondoka nilikaa nje kwenye mvua, na mimi ndiye wa kuipima. Kwa nini hamkuniambia? Mimi ni mtu wa kufichwa? Kama Mama anataka kuhama, mngesema tu, ningeshuka kwa miguu nije nimpakie vyombo. Mwambie simchukii. Mwambie pia imeniuma.

Kaka yako

*

Jumanne, tarehe 16 Aprili

Kaka,

Barua yako imefika jana. Sijala tangu jana.

Mama hakukubali. Hakuna mtu aliyemuuliza. Hajui lolote, Kaka, hajui hata kama kuna reli. Asubuhi hii yuko jikoni anachambua mchele kwa vidole, anaimba.

Uliniuliza niliandika nini kwenye kadi ya kwetu. Nitakuandikia neno kwa neno, halafu unifanye utakavyo. Niliandika hivi: "Mama hatoki kwa lolote, usipoteze zamu yako kwake. Hati ina jina la kaka, na kaka yuko mbali. Mwambie kaka kwamba mama ameshakubali ila anaona aibu kumwambia. Ataamini, kwa sababu mama humficha mambo."

Nilitaka kushinda. Wote walikisia vitu vya Mama, dawa, kiti, mtumishi, nikawa najichekea moyoni kwamba nimewaweza, kwa sababu mlango wenyewe haukuwa Mama, ulikuwa wewe. Nilijisikia hodari. Mungu wangu, nilijisikia hodari!

Nimekwenda kwa Fundi Baiskeli. Amefunga chumba cha nyuma, anasema hataki kusikia neno reli. Mwalimu nimemkuta amekaa kibarazani kwake, na yeye aliandika kadi saba. Nyumba kumi na moja sasa zina rangi nyekundu. Watu wanaulizana hao jamaa wa reli waliyajuaje mambo yao ya ndani, wanatuhumiana wao kwa wao. Jana mama mwenye binti wa chuo alinishika bega akaniambia, "Mwanangu, kuna nyoka humu mtaani." Nikaitikia.

Mama sijamwambia. Siwezi. Nifanye nini?

Mdogo wako

*

Alhamisi, tarehe 25 Aprili

Mdogo wangu,

Kula kwanza. Nimekasirika, sikufichi, nilitembea mpaka kwenye kipimo cha mwisho nikarudi ndipo nikaweza kushika kalamu. Lakini aliyesaini ni mimi. Kadi haikunishika mkono.

Sikiliza, kuna njia. Mkuu wangu wa kituo aliwahi kufanya kazi mahakamani. Anasema saini iliyopatikana kwa uongo inaweza kufutwa, mradi nyumba haijabomolewa. Maafisa lazima waje kumwona mkaaji kabla ya kuvunja. Siku hiyo Mama aseme mbele yao kwamba hakuulizwa na hakukubali. Shauri litasikilizwa, mimi nitashuka kutoa ushahidi, na wewe utaeleza habari ya kadi. Ikibidi mahakama itailazimisha ofisi yao itoe kadi yenyewe, isomwe. Kwa mwandiko wako, ndiyo. Itakuwa aibu, lakini nyumba itabaki, na pengine na za wengine.

Mkuu anasema kesi kama hii hushinda. Nyumba inaokoka, unanielewa? Mama atabaki mahali anapoona.

Barua hii msomee yote. Usiruke mstari.

Kaka yako

*

Jumamosi, tarehe 4 Mei
(kwa mkono wa Mwalimu, kwa maneno ya Mama)

Mwanangu,

Usishtuke kuona mwandiko mwingine. Dada yako mdogo hayupo, nami nimemwita Mwalimu tukae kidogo. Nimemwapisha, kwa hiyo hatasema.

Barua yako ya mwisho dada yako alinisomea Jumatatu. Alisema umeandika kuna mvua. Nikapapasa karatasi, ziko nne. Karatasi nne, mvua tu? Macho yamekufa, akili haijafa. Jumanne alipokwenda kupima madirisha nilimpa Mwalimu barua zote zilizo kwenye droo ya cherehani, akanisomea moja baada ya moja, na habari za kadi za wengine akanieleza mwenyewe. Aliposoma ile ya kadi alisita. Nikamwambia endelea, hujafika mwisho.

Jana Ijumaa maafisa wamekuja. Dada yako alisimama nyuma ya kiti changu, nikamsikia anavyopumua. Wakaniuliza kama nimekubali. Nikawaambia nimekubali tangu mwezi wa kwanza, siku ile walipokuja wa mabomba, na mimi ndiye niliyewatuma kwako kwa sababu nilikuwa naona haya kukuambia. Nikasema ngazi zimenichosha. Nikatia dole gumba.

Mwanangu, usinikasirikie. Ile kesi ningeshinda, najua. Na kadi ingesomwa mbele ya mtaa mzima. Wale ndugu wangekuwa wamekaa pale. Yule mama wa binti angekuwa pale. Huyu mtoto angeishi wapi baada ya hapo? Nani angemfungulia mlango apime dirisha? Wewe una mlima wako. Yeye ana mtaa huu, na mikono yake ndiyo inanilisha. Nyumba ni matofali, mimi nitazoea kugonga goti mahali pengine.

Basi tangu jana hiyo ndiyo habari: nilikubali mwenyewe. Na wewe uiseme hivyo hivyo. Usije ukamwambia vingine hata siku moja. Alinikumbatia akalia, halafu akaanza kucheka, akanipikia. Leo ametoka na furaha yake, nimesikia viatu vikikimbia kwenye ngazi.

Tunahama mwisho wa mwezi. Nitunzie afya yako.

Mama yako

(Mimi mwandishi nimeandika nilivyoambiwa. Sina uso wa kuongeza langu.)

*

Jumapili, tarehe 5 Mei

Kaka, shikamoo, shikamoo mara kumi!

Keti chini. Mama alikubali MWENYEWE! Tangu mwezi wa kwanza! Wale wa mabomba ndio walikuwa wa reli, akawakubalia, akaona haya kutuambia. Yaani kile nilichoandika kwenye kadi kwa utani ndicho kilikuwa kweli, nami sikujua. Hakuna aliyekudanganya. Maafisa walikuja Ijumaa akawaambia kila kitu kwa kinywa chake, mbele yangu.

Ulivyonitisha! Wiki mbili nilikuwa nikitembea na roho mkononi, kila anayenitazama naona amejua. Kumbe mzee wa njiwa alitaka banda lake, na wale ndugu wangepigana hata bila reli, tangu lini walikosa sababu? Tuliokuwa tunaogopa ni sisi na vichwa vyetu. Nisamehe kwa barua ile ya kulialia, ichome.

Mambo mengine: Fundi Baiskeli amefungua tena chumba cha nyuma, nilimweleza akapumua. Mwalimu tu ndiye amekataa kuja, ameanza kuzeeka vibaya, jana hata salamu yangu hakuitikia. Lakini Bwana Rula amerudi! Alikuwa safarini, maskini. Aliomba radhi kwa kutuachia maswali, na ameleta ramani mpya, safari hii ni ya ng'ambo ya mto, huko huko tunakohamia mimi na Mama. Viwanja thelathini na nane. Amesema bila mimi mchezo hauna chumvi, kwa kuwa kule nako nimeshapima madirisha karibu yote. Jumamosi ijayo, tarehe kumi na moja, tunaandika kadi. Nyingine nimeshazitunga kichwani, utacheka!

Niandikie upesi kwamba na wewe moyo umetulia.

Mdogo wako

*

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako na ya Mama zimefika pamoja jana, kwenye gunia moja. Ya Mama hukujua kama iliandikwa. Muulize Mwalimu ilisema nini. Ameapa, lakini mwambie mimi nimemfungua kiapo chake.

Mama hakukubali. Alikulinda. Ameniamuru nisikuambie kamwe, na hii ni mara ya kwanza maishani mwangu kumvunjia neno lake. Usimlilie. Mwache aendelee kuamini kwamba hujui, hicho ndicho kitu pekee alichobaki nacho humo ndani.

Lori linaondoka saa hii, dereva anapiga honi. Barua itakufikia Jumatatu. Nimemsihi ashuke leo leo moja kwa moja, anasema haiwezekani, njia imekatika kwenye korongo, watalala huko siku tatu. Nimeangalia simu, haishiki. Nimepanda mpaka juu ya paa.

Nakuomba, mdogo wangu, mpaka barua hii ikufikie, usiandike hata kadi moja.

Kaka yako